Bamia Nilizombanikia Mke Wangu

Ndugu wasomaji, mimi ni mzee wa kanisa hapa Utemini, na naungama kwamba katika miaka yote ya ndoa sikuwahi kupika mboga. Wiki iliyopita mke wangu alirudi kutoka hospitali akiwa hataki chakula kabisa. Jioni nikampigia simu binti yetu Neema, anayeishi Kiomboi.

"Baba, mbanikie bamia, ni dakika kumi tu. Zioshe, zifute zikauke, zipasue, zipake chumvi na mafuta, kisha weka kwenye ule wavu wa kuchomea mahindi."

Mafuta ya alizeti huku kwetu tunakamulisha mashineni na kuyatunza kwenye chupa za maji. Niliona chupa moja juu ya kabati, nikamshukuru Mungu, nikamimina yote bila huruma. Bamia ziliungua kidogo pembeni, zikanukia hadi kwa jirani. Mke wangu alionja moja, akavuta sahani nzima. Nilijiona mpishi wa harusi.

Ndipo mchungaji akapiga hodi, amekuja kumwombea mgonjwa.

"Shikamoo mzee. Lete ile chupa ya mafuta niliyokuachia Jumapili baada ya maombi, tumpake mama."

Nilitazama juu ya kabati, nikatazama chupa tupu pale jikoni.

"Mchungaji, yale mafuta... yameshatumika."

"Nani kampaka?"

Mke wangu akalamba kidole. "Hajanipaka, kanilisha. Baba Neema, bamia zimebaki?"