Uliza Jina la Bibi

Siku moja naikumbuka hadi leo, mwanangu. Nakuita mwanangu, wewe unayeanza uuguzi, ingawa kichwani sina hata unywele mmoja mweupe. Wodini aliyekutangulia ni mzazi wako, na mie nimekutangulia kwa kutetemeka.

Nilikuwa muuguzi mgeni katika kituo kimoja cha afya huko Kimara. Nilitaka kila kitu kinyooke, na mtu wa namna hiyo huona macho ya watu kila pembe. Wazee wamesema kikulacho ki nguoni mwako. Neno hilo nililichukua vibaya, nikawadhania wenzangu wote kuwa wachongezi.

Asubuhi ile mwenzangu Neema alinivuta karibu na sinki. "Dada, nimemchoma Bi Tatu insulini ya Bi Zainabu."

Bi Tatu hakuwa na kisukari kama Bi Zainabu wa kitanda cha jirani. Alilazwa kwa kidonda cha mguu. Nilipomgeukia bibi, jasho lilikuwa linamtoka, dalili ya sukari kushuka. Tukamnywesha chai yenye sukari nyingi, akachangamka, akaanza utani: "Nyie wajukuu, chai tamu hivi, mnaniposa?"

Nikamnong'oneza Neema, "Imeisha hiyo. Nyamaza. Ukisema, watakumaliza." Tena, niseme kweli, nilimshuku hata yeye: kwa nini kaniambia mie? Anatafuta wa kuanguka naye?

"Dawa bado imo mwilini, dada," akasema, akaenda kwa inchaji wetu, Mama Mushi, msimamizi wa wodi.

Nilisubiri kelele. Mama Mushi akampima Bi Tatu sukari, akamwita daktari, akaagiza apimwe tena na tena mpaka nguvu ya dawa iishe. Ndipo akamuuliza Neema, "Ulimwitaje?"

"Nilisema, 'Bibi, sindano yako.' Akanijibu, 'Haya mjukuu wangu, Mungu akubariki.'"

Kosa lilijificha hapo. Tumelelewa tusimtaje mkubwa kwa jina, na vitanda vile viwili vilikuwa na mabibi wawili. Nao mabibi wetu huona haya kumkatalia mtoto mwenye adabu.

Mama Mushi alipoanza kuandika ripoti, mimi bado nilikuwa na shaka zangu. "Mama, hiyo ripoti unayoandika ni ya kumfukuza Neema?"

"Binti, wewe unamtafuta mwizi. Mimi natafuta mlango ulioachwa wazi."

Akamchukua Neema, wakamweleza Bi Tatu, wakamwomba radhi. Bibi akacheka. "Kumbe sindano ya jirani! Mbona wali wake hamniletei? Mie naitwa Tatu binti Salum. Niulizeni, sichukii."

Mchana sukari ya Bi Tatu ikaporomoka tena. Safari hii aliitwa, hakuitika. Kwa kuwa alikuwa akipimwa, dripu ya glukosi ilikuwa tayari, akatundikiwa, akazinduka. Neema angenisikiliza, tungesema bibi amelala.

Basi mwanangu, kabla hujagusa mkono wa mtu sema, "Shikamoo bibi, nitajie jina lako." Adabu haipungui. Ukikosea, sema upesi, dawa ikiwa bado mwilini. Mficha maradhi, kifo humuumbua. Lakini mficha kosa humponza mgonjwa asiye na habari. Shaka usiitupe, bali ishuku mikono yako na kichupa ulichoshika. Na mwenzako akikujia sinkini akitetemeka, usimfunge mdomo kama nilivyotaka mie. Msindikize.

Mungu akupe mkono mtulivu, na siku utakayokosea, akupe ulimi mwepesi kuliko woga wako.