Siku Nzima kwenye Kigingi Kimoja

Nilipomaliza mwaka wa tatu niliondoka Dar es Salaam bila kujua kama bado ni mwanafunzi. Mitihani ya uhandisi wa umeme ilikuwa imekwisha, matokeo hayajabandikwa, na mimi nimepangiwa mafunzo ya vitendo Geita, kwenye kambi ya watafiti wa dhahabu. Somo lililoninyima raha lilikuwa na jina refu la Kiingereza, sisi tukaliita mawimbi tu. Mwaka wa pili nilishaponea sapu ya hesabu. Sapu ni mtihani wa kurudia, na ukiufeli huo unadisko: unafungasha godoro unarudi kwenu. Mimi kwetu ni Shinyanga mjini, na mtaani walishaanza kuniita injinia.

Kwenye ule mtihani kulikuwa na swali la konvolusheni. Unapewa wimbi linaloingia kwenye mtambo, unapewa tabia ya mtambo wenyewe, halafu utafute kinachotoka. Unaligeuza wimbi moja nyuma mbele, unalisogeza juu ya lingine, unazidisha, unajumlisha. Kufanya hivyo nilijua. Ninachokifanya ni nini, hilo sikulijua, na hakuna aliyewahi kuniambia zaidi ya kwamba kanuni hiyo ina jina la Mzungu fulani aliyekwishakufa. Nikakosea mipaka ya kujumlisha, nikafuta, nikaanza upya, na msimamizi alipotangaza muda umekwisha nilikuwa bado nimeshika ufutio.

Basi niliishi Geita nikitikisa mguu. Ni ugonjwa wangu tangu utotoni: nikiwa na wasiwasi, goti la kulia linacheza lenyewe. Mkuu wa kikosi chetu, mtaalamu wa miamba, mtu mfupi mwenye hasira za karibu, aliwekewa meza ya kukunja porini, na mimi nikakaa pembeni yake kuandika namba. Kila baada ya muda alisema, "Tuliza mguu, kijana, unatikisa meza." Nilitulia, nikaandika namba chache, goti likaanza tena.

Kazi yetu ilikuwa kupeleka umeme ardhini. Tulinyoosha waya mrefu kati ya vichaka, tukapigilia vigingi vya chuma kwa mstari, na kila kigingi tukakimwagia maji ya chumvi ili udongo mkavu wa kiangazi upitishe umeme. Jenereta ilisukuma umeme, ikakata, ikasukuma upande wa pili, ikakata tena. Mashine ilipima ardhi inafanya nini umeme ukishakatwa. Mahali pengine inanyamaza papo hapo. Mahali pengine inabaki na umeme kidogo unaopungua polepole, na hiyo ni dalili ya madini fulani yanayopenda kukaa jirani na dhahabu. Yanapenda, lakini si kila mara. Chumvi tuliinunua kwa magunia pale Geita, na Mhindi mwenye duka kila alipotuona alicheka: "Injinia, huko porini mnampikia nani?"

Kaka yangu wa tumbo moja alikuwa upande wa pili wa kilima. Alilima pamba Shinyanga mpaka pamba ikamchosha, akaja kuchimba dhahabu kwa sururu kama maelfu ya wengine. Jioni alikuja kambini kunisalimia, akiwa mwekundu wa vumbi mpaka kope.

"Mwangaluka," alinisalimia Kisukuma, salamu ya asubuhi hata kama jua linazama, kwa utani.

"Mhola, kaka. Shikamoo."

"Marahaba. Haya, mdogo wangu, leo mashine imelia wapi?"

"Mashine hailii, kaka. Inaandika namba."

"Hailii, au hutaki kusema?"

Nilimweleza yote niliyoyajua, na hayakuwa mengi. Alinisikiliza kwa adabu, anachezea kamba ya kiatu, akaaga. Nilijua hakuniamini. Yeye na wenzake walikuwa na njia yao ya kutusoma. Namba hawakuziona, kwa hiyo walitutazama sisi wenyewe kutoka vichakani: tumesimama wapi, tumeharakisha wapi, nani kamwita nani aje aone.

Kila asubuhi palikuwa na redio ya upepo, ya kuongea na Mwanza. Mwenzangu wa darasani alipangiwa ofisi ya Mwanza, yenye simu, na tulikubaliana kwamba matokeo yakitoka atanitangazia kwenye redio. Redio ilikoroma, nikaja na kikombe cha chai mkononi kusimama mlangoni kwa hema. Mnahitaji nini? Dizeli. Mchele. Vitunguu. Ova. Ilipozimwa nilikuta chai imepoa na sijainywa. Siku nyingine nilitamani yatoke hata kama ni mabaya, na siku nyingine nilitamani redio iungue.

Halafu wakaja ng'ombe. Ng'ombe wa kiangazi akinusa chumvi hana simile. Kundi zima lilipita jioni tulipokwisha kurudi kambini, likafuata mstari wetu kigingi kwa kigingi, likilamba. Tulipofika asubuhi vigingi vilikuwa vimelala chini, na udongo kuzunguka mashimo yake umelambwa ukawa laini kama sakafu ya udongo iliyosiribwa. Mkuu alitukana ng'ombe, akamtukana mchungaji ambaye hakuwepo, akatukana na chumvi. Tukapigilia upya, tukamwaga chumvi nyingine, tukaanza kupima.

Vigingi vya mwanzo vilikwenda vizuri. Tulipofika kimoja, karibu na mti wa mgunga, namba zikaanza wazimu. Mara juu, mara chini, mara hakuna kabisa. Tukabadilisha betri. Tukahamisha mashine. Tukamwaga chumvi mpaka pakawa tope. Mkuu alikuwa anaruka kutoka mashine hadi kigingi, kigingi hadi jenereta, anapiga kelele, na vibarua wanakimbia huku na huku na madumu ya maji.

"Wewe si unasomea mawimbi?" akanigeukia. "Haya niambie, hili ni wimbi gani?"

Nilizitazama zile namba nikaona ukurasa wa mtihani wangu ulivyokuwa. Nilipata hasira ambayo sikujua ni ya nani, na kwa kuwa kukaa sikuweza, nikaondoka kufuata waya. Niliuchukua mkononi nikautembeza kati ya vidole, hatua kwa hatua, kwenye miiba na jua. Alasiri imeshaanza kupoa nilipofika mahali ambapo waya ulijikunja kirahisi mno. Plastiki ya nje ilikuwa nzima. Shaba ya ndani ilikatika, kwato imeshaikanyaga, na upepo ukitikisa majani ncha zinagusana, upepo ukitulia zinaachana. Tuliufunga. Tukapima kile kigingi kwa waya mzima, na ardhi ikanyamaza papo hapo. Hapakuwa na kitu. Mkuu akafunga mashine, tukarudi kambini.

Kesho yake tulisikia sauti za watu kabla hatujafika. Wachimbaji wanaita rashi, pale habari inapotoka kwamba dhahabu imeonekana mahali na kila mwenye sururu anakimbilia huko. Walikuwa wamejaa kuzunguka ule mgunga. Watu wanapima viwanja kwa hatua za miguu, wanagombana, mama mmoja ameshatenga sufuria ya uji na anauza. Kigingi chetu kilikuwa kimeng'olewa na kuwekwa pembeni kwa heshima. Kwenye tundu lake alisimama kaka yangu, ndani ya shimo linalomfika magotini, mashimo hayo wao wanayaita maduara. Alifika kabla ya wote.

Nilimvuta pembeni. "Kaka, hapa hapana kitu. Jana waya ulikatika."

"Waya."

"Ng'ombe waliukanyaga. Ndiyo maana tulikaa."

Akatazama kushoto na kulia, akashusha sauti. "Mdogo wangu, nimewatazama tangu asubuhi mpaka jua linazama. Bosi wako anarukaruka kama kaona nyoka. Watu wazima, na mashine ya mamilioni, wakae siku nzima mahali pasipo na kitu?"

"Ni ubovu, kaka! Tulikaa kwa sababu ya ubovu!"

"Sawa. Wamekukataza kusema. Nimeelewa." Akanikonyeza jicho.

Lile jicho liliniudhi kuliko tusi. Angenitukana ningemjibu. Lakini kukonyezwa na mtu anayekushukuru kwa siri ambayo hukumpa, unafanya nini? Sisi tukahamia mstari mwingine, na kila nilipopita kwa mbali niliona lundo la kifusi chake linakua. Usingizi uliokuwa umepungua kwa ajili ya chuo sasa ulipungua na kwa ajili yake.

Redio ikazungumza asubuhi moja nilipokuwa sijajiandaa, mswaki mdomoni. "Mwambieni mwanafunzi wenu matokeo yametoka. Masomo mengine kapita. Mawimbi, sapu. Ova." Kambi nzima ilisikia. Kambi ya jirani ilikuwa kwenye masafa yaleyale, na sauti nisiyoijua ikaingia: "Pole sana, kijana. Ova." Watu wakacheka, mimi nikaenda kutema povu nyuma ya hema nikabaki huko muda mrefu kuliko lilivyohitaji.

Mkuu alinifuata. Kwa mara ya kwanza aliongea nami taratibu. Alisema sapu si msiba, lakini pia alisema kambi inahitaji msaidizi wa kudumu, kwamba niliufuata ule waya kwa akili, na kwamba kwa kazi hiyo hakuna atakayeniuliza cheti. "Fikiria," akasema. Nilifikiria siku kadhaa. Nikibaki, sitaufanya tena ule mtihani, sitaufeli, hakuna atakayesema nimedisko. Nitakuwa mtu aliyepata kazi. Kadiri nilivyofikiria ndivyo goti lilivyotulia, na jioni moja nilikwenda kwenye duara la kaka kumwambia nabaki.

Alipandishwa kwa kamba. Shimo lilishakuwa refu, sauti ilitoka ndani kabla yake. Alikaa juu ya kifusi akajifuta uso kwa shati.

"Nasikia umefeli," akasema.

"Somo moja."

"Lile lile lililokuwa linakusumbua?"

"Lile lile."

"Na unarudi lini?"

Sikutegemea swali la hivyo. Hakuniuliza kama narudi. Kwake yeye jambo lenyewe halikuwa na pande mbili. Nikajisikia nasema, "Kesho kutwa."

Akatikisa kichwa akitabasamu, hakuwa na hasira hata kidogo. "Unaona sasa. Wewe mtihani umekwambia hapana kitu, unarudi kuchimba pale pale. Mimi ukiniambia hapana kitu, unataka nitoke."

Nilitafuta tofauti. Ilikuwepo, naijua ilikuwepo, kigingi kile nilikipima kwa mikono yangu. Lakini pale juu ya kifusi sikuweza kuisema bila kujidharau mwenyewe, na goti likaanza. Akaliona, akalishika kwa mkono wake wa vumbi mpaka likatulia, kama alivyokuwa akifanya tulipokuwa wadogo mezani. Kesho kutwa yake nilipanda lori la dizeli.

Nyumbani Shinyanga nilisoma uani, meza inahama na kivuli. Baba, aliyestaafu ufundi wa karakana kule Mwadui, alipita na kurudi bila kuuliza kitu, na mama alikataza watu kuniita injinia mpaka atakaposema yeye. Niliandika, nikasimama, nikazunguka banda la kuku, nikarudi. Siku moja nikiwa nazunguka hivyo nikakumbuka ardhi ya Geita. Umeme tuliousukuma haukukuta ardhi tupu, ulikuta mabaki ya ule uliotangulia, na mabaki ya ule wa kabla yake, kila mmoja umepungua kwa kiasi chake. Unachokipima sasa ni jumla ya yote hayo. Kumbe ndiko kugeuza nyuma mbele: unaanza na ule wa karibuni unarudi nyuma kwa uliotangulia. Nilikaa chini nikaliandika lile swali mpaka mwisho, na mipaka ikakaa mahali pake. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi. Nilikuwa na wasiwasi nitasahau kabla treni haijafika Dar.

Sikusahau. Nilipita kwa kukwangua, lakini nilipita, na chuo kikafungua.

Krismasi nilikuja nyumbani nikamkuta kaka uani, amekaa kwenye kigoda anamsaidia mama kunyonyoa kuku. Alikuwa amekonda. Lile duara walilishusha mpaka maji yakawazuia, na maji ndiyo peke yake waliyoyapata. Alikuwa amerudi kulima pamba. Hayo nilikwishaambiwa na baba stesheni, kwa hiyo sikumuuliza.

"Ulipita?" akaniuliza.

"Nilipita."

Akafurahi. Namjua kaka yangu, alifurahi kweli, akanipa mkono wenye manyoya ya kuku. Kisha akarudi kunyonyoa, na baada ya muda akasema taratibu, macho yakiwa kwenye beseni, "Basi ni kweli ule waya ulikatika."

"Ulikatika, kaka."

"Ng'ombe."

"Ng'ombe, kaka."

Miezi yote ile nilikuwa nimetaka aniamini. Nilikuwa nimejiandalia hata maneno ya kumwambia siku atakapokubali. Sasa nilisimama pale na mkoba begani, namtazama usoni, nikisubiri anikonyeze jicho kama siku ile. Hakunikonyeza.