Maji ya Miguu Kambini Barafu

Watu wa Masasi wakisikia niliwahi kufanya kazi Kilimanjaro hunishika mkono kana kwamba nimetoka kuhiji. Wananyooshea kidole vilima vyao vya mawe na kuniuliza, "Sasa kule juu kabisa, kaka, pakoje?" Nawajibu kwamba kule pananuka. Wanacheka, wanadhani nawatania. Siwatanii hata kidogo.

Nilikuwa mgumu. Ndivyo wanavyoitwa wapagazi wa mlima ule, na jina lenyewe linatosha. Kambi ya mwisho kabla ya kilele, kwa njia tuliyopita sisi, inaitwa Barafu. Huoni jani. Ni mawe tu, yamepasukapasuka, na upepo unaokupiga masikioni mpaka unasahau ulichotumwa. Midomo inachanika, kamasi zinagandia kwenye masharubu, unazibandua kwa kucha. Na nyuma ya kila jiwe, nasema kila jiwe, kuna karatasi na mavi ya mtu aliyeshindwa kufika chooni. Hayaozi. Kule hata uozo hauna nguvu. Wageni wanatapika kwa sababu ya urefu wa mlima, matapishi yanaganda, na wewe unayakanyaga ukiwa na mzigo kichwani. Mpaka leo nikikumbuka mate yananijaa mdomoni.

Na pamoja na jina lake hilo, Barafu haina maji. Yanabebwa kutoka mto Karanga, mwendo wa saa kadhaa, kupanda. Kazi hiyo nilipewa mimi. Mpishi wetu, mtu mzima wa Kibosho, alinicheka: "Mmakonde, umeikimbia ndoo kwenu, umekuja kuikuta huku."

Hakukosea. Kwetu Mkunya, juu uwandani kusiko na maji, mama alishuka bondeni alfajiri kuchota maji, akarudi jua limeshakuwa kali, shingo imekakamaa. Tulioga tumesimama ndani ya beseni. Kwa maji yale yale yakasuguliwa masufuria, yaliyobaki akapewa mpapai. Wengine husema maji yakimwagika hayazoleki kama methali. Kwetu lilikuwa onyo la kila siku, na ukimwaga ulichapwa.

Yule mpishi ndiye aliyeniombea kazi. Magoti yake yalikuwa yamekwisha, mzigo hawezi tena, jiko ndilo lililombakisha mlimani, na lilikuwa linasomesha binti zake watatu. Safari iliyotangulia mgeni mmoja alilalamikia chakula. Kiongozi wa msafara akamwambia mbele yetu sote: lalamiko moja tena, hutapanda na mimi maisha. Kwa hiyo safari hii alipika kama mtu anayefanya mtihani, anaonja, anapangusa ukingo wa bakuli, anaonja tena.

Siku ile jioni, kabla ya wageni kula na kupumzika waanze safari ya kilele, niliwapelekea maji ya moto ya kunawa. Wagumu wanayaita woshiwoshi. Mgeni mmoja, mzee mwenye mwili, hakunawa mikono. Alivua soksi zake za siku tano, akazamisha miguu. Vidole vimevimba, kisigino kimechunika, plasta zimelegea. Ile harufu ilinipiga puani pamoja na mvuke. Maji niliyoyabeba kichwani tangu Karanga! Akatikisa miguu, akaniashiria kwa mkono: kamwage.

Nilifika nyuma ya jiwe, mkono ukakataa. Sijui nieleze vipi kwa mtu ambaye hakuzaliwa uwandani. Beseni zima, na kesho masufuria yatasuguliwa kwa maji gani? Nikayamimina kwenye ndoo tupu, nikafunika, nikaiweka pale pale nilipozoea, mlangoni mwa hema la jikoni, kando ya ndoo nyingine. Nilikusudia kumwambia mpishi. Nikaitwa kukaza kamba za hema lililokuwa linapeperuka, upepo ukaniweka huko.

Niliporudi, wageni wako mezani na supu ya maboga. Ndoo yangu ilikuwa imefunuliwa, haina kitu.

Nilisimama na kuwatazama wakinywa. Yule mzee alisifia, akaomba aongezewe. Kwenye bakuli la pili kijiko chake kikatoka na plasta. Aliitazama muda mrefu, nadhani aliitambua. Mkewe akakimbilia nje, na tukamsikia anavyotapika.

Kiongozi wa msafara aliingia jikoni na ile plasta juu ya kijiko. Hakupiga kelele. Alimwambia mpishi, "Mzee wangu, nilikuonya," akatoka. Mpishi alikagua vidole vyake kumi, kimoja kimoja, chini ya tochi, akitafuta kidonda ambacho hakuwa nacho. Kisha akanigeukia.

"Mdogo wangu, ile ndoo ya mlangoni, maji yake ulitoa wapi?"

Nilikuwa na nafasi. Hakukuwa na mtu mwingine. Ningesema, wangenifukuza mimi, kijana mwenye magoti mazima, ningepata kazi kokote.

"Karanga," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaanza kuosha bakuli. Uongo wangu haukuwa hata uongo kamili, na hilo ndilo linalonitia kichefuchefu kuliko mavi yote ya mlima ule.

Tuliteremka siku mbili. Getini kiongozi alimwita mpishi pembeni, wakaongea kwa kifupi, na nikaona mpishi anavua aproni yake ya jikoni, anaikunja vizuri, anaikabidhi. Halafu akaja moja kwa moja niliposimama na kunishika mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Mmakonde," akasema, "kule juu nilikudhania vibaya. Nilidhani umeniletea maji machafu. Nisamehe, mdogo wangu."

Nikamwambia nimemsamehe.