Kivinjari Hakikumtaja Tatu

Iko siku moja, mwanangu, ambayo hunijia nikijinyoosha mchana, wakati sijalala na wala siko macho. Haiji yote. Kwanza huja weupe wake: ukurasa mweupe pepepe kwenye kompyuta, na nje ya dirisha jua la saa sita limelala juu ya mabati ya Bagamoyo. Halafu huja harufu ya mwani unaokauka, ingawa mwani wenyewe ulikuwa Mlingotini na mimi nilikuwa nyumbani kwetu mjini. Ndoto za mchana hazina adabu, zinachanganya vitu. Nakusimulia kwa sababu na wewe umeanza kazi hizi, na siku yako kama hiyo iko njiani inakuja.

Mimi sasa nina miaka arobaini na sita, na katika mambo ya kompyuta huo ni uzee wa kutosha, mtu unaamkiwa mpaka na mabosi. Wakati huo nilikuwa na ishirini na tisa, na kiburi kikinitangulia kila mlango ninaoingia. JavaScript, lugha ya kuandikia tovuti, nilijifunza mwenyewe, kwa kusoma na kukosea, na Bagamoyo nzima nilijiona niko peke yangu. Akina mama wa Mlingotini wanaolima mwani na kutengeneza sabuni wakaniomba niwatengenezee tovuti: mnunuzi aifungue, achague sabuni, aandike jina lake na mahali alipo, basi. Nikawaambia hilo dogo.

Nilikuwa na mwenzangu, binti wa pale pale Mlingotini, anaitwa Tatu. Nilimfundisha mimi. Mpole, mwepesi wa kuelewa, akicheka anaficha meno kwa ncha ya mtandio. Akina mama walikuwa wamekubaliana kwamba tovuti ikifunguliwa Ijumaa, Tatu ndiye atakabidhiwa kuitunza. Kwa wengine hilo lingekuwa jambo dogo, kwake lilikuwa kubwa mno. Shule ilimkatikia njiani, na kijijini walishazoea kumwita "yule aliyerudi". Ndiyo kwanza watu wazima wanataka kumpa kitu mkononi na kumwambia, haya, hiki chako. Jina lake likiharibika pale, hakuwa na pengine pa kulipeleka.

Jumatatu nikahamisha kazi yetu kutoka kwenye kompyuta yangu kwenda kwenye seva, ile kompyuta ya mbali inayohifadhi tovuti ili kila mtu aione. Jumanne Tatu akaingia humo kubadilisha picha za sabuni, ila tovuti yenyewe hakuna kati yetu aliyekuwa ameifungua bado. Jumatano saa sita nikafungua nione ilivyopendeza, nikakuta weupe mtupu. Hakuna sabuni, hakuna kitufe, hakuna neno.

Kivinjari, yaani programu unayofungulia tovuti, kina mahali pake pa kuandikia malalamiko. Nikapafungua. Palikuwa na mstari mmoja mwekundu wa Kiingereza: kosa la uandishi, kuna alama haikutarajiwa, faili fulani, mstari wa kwanza. Alama yenyewe ni ile ya "ndogo kuliko" mliyofundishwa kwenye hesabu, hii hapa: <. Basi, kimemaliza. Hakisemi kwa nini, hakisemi nani, hakisemi ufanye nini. Nilikiangalia kama mtu anayemwangalia mgeni aliyekaa sebuleni na hataki kusema shida yake.

Nikalifungua faili langu. Mstari wa kwanza mzima, wa pili mzima. Nikahesabu mabano, kila lililofunguliwa limefungwa. Nikaifungua tovuti ile ile humu humu kwenye kompyuta yangu, bila kwenda kwenye seva: ikaja na sabuni zake zote. Eh! Kwangu nzima, kule mgonjwa. Alasiri ikanipita nikiwa pale pale, feni inazunguka, herufi zinaogelea, mpaka nikaanza kuota macho wazi kwamba mistari inasogea nikipepesa.

Mama yangu, Mungu amrehemu, akanikuta nimeshika kichwa. "Hapo pana mkono wa mtu," akasema, na hakuwa anatania. Jioni akaniletea kombe, aya zimeandikwa kwa zafarani kwenye sahani nyeupe na kuoshwa kwa maji ya waridi, nikanywa huku nikiiangalia kompyuta kwa jicho la pembeni. Usicheke. Haya cheka, lakini sikiliza. Kombe halikunidhuru hata kidogo. Kilichonidhuru ni lile neno, mkono wa mtu, maana nilipolala nililala nalo, na nilipoamka nilikuwa nahesabu watu. Walioigusa tovuti walikuwa wawili tu, mimi na Tatu, na mimi nilikuwa najiamini.

Alhamisi asubuhi nikapanda bodaboda mpaka Mlingotini. Akina mama walikuwa bandani wanakata sabuni, Tatu yumo katikati yao na kisu chake. Nikaamkia, wakaitikia, wakanisogezea kigoda. Sikukaa. Nikamgeukia Bi Mwajuma, mwenyekiti wao, nikasema kwa sauti ya kusikika na wote kwamba tovuti imeharibika, na aliyeiharibu ni Tatu, kaingia Jumanne kugusa asichokijua.

"Dada, mimi nimebadilisha picha tu," Tatu akasema.

"Ungebadilisha picha tu, leo ningekuja hapa?"

Wallahi nilijisikia nimejibu vizuri. Tatu akakiweka kisu chini taratibu, akajifunga mtandio, akatoka. Hakulia mbele yetu. Wale mama wakarudi kukata sabuni, na mmoja akanong'ona, "Si tulisema bado mtoto." Hapo ndipo jina la Tatu lilipoanza kuzama, nami nimesimama nalitazama.

Bi Mwajuma hajawahi kushika kompyuta maishani mwake. Akapangusa mikono kwenye kanga, akaniuliza pole pole, "Hiyo mashine imekwambia ni Tatu?"

"Haikutaja jina, bibi. Imesema kuna alama haikuitarajia, kwenye mstari wa kwanza."

"Na wewe hapo mstari wa kwanza umeiona hiyo alama?"

Sikuiona. Nilikuwa nimelisoma faili lile mpaka macho yakauma, na alama ile mwanzoni hapo haikuwapo.

"Hujaiona," akasema. "Basi jina la mtoto wa watu umelitoa wapi?"

Ah, mwanangu. Nimefokewa na walimu, nimefokewa na mabosi, lakini ile sauti ya chini ilinitoa jasho. Nikarudi mjini na swali lile. Njia nzima, mashamba yanapita, upepo usoni, najiuliza: kama kivinjari kinaona alama ambayo mimi siioni, basi mimi na yeye hatusomi kitu kimoja. Jambo dogo kiasi hicho! Siku nzima nilikuwa nasoma nilichokiandika, wakati yeye analalamikia alichokipokea.

Nilipofika sikuligusa faili langu. Nikaandika anwani ya lile faili kwenye kivinjari, nione seva inatoa nini ikiombwa. Ukaja ukurasa mfupi wenye adabu zake: samahani, ulichokitafuta hakipo hapa. Kurasa zote za tovuti huanza na alama ile ile ya ndogo kuliko. Seva ilipangwa kwamba ikikosa faili, ipeleke ukurasa wa kuomba radhi kana kwamba ndicho kilichoombwa. Kivinjari kikasubiri JavaScript, kikaletewa samahani, kikashtuka kwenye alama ya kwanza tu. Maskini kilisema kweli tangu mwanzo.

Na faili lilikuwa wapi? Lilikuwa kwangu. Jumatatu ile kulikuwa na harusi kwa jirani, nilikuwa nimeshapakwa hina, mkono mmoja uko juu unakauka na mmoja unabonyeza. Folda moja, yenye faili lile, sikuihamisha. Mkono wa mtu kweli ulikuwapo, tena umechorwa maua.

Folda nikaihamisha, na ndani ya dakika mbili tovuti ikasimama. Nikarudi Mlingotini mchana ule ule. Nilitaka kumvuta Tatu pembeni nimwombe radhi tukiwa wawili, Bi Mwajuma akakataa. Akahesabu waliokuwapo asubuhi, wawili walikuwa wamekwenda Mbegani. "Tunawasubiri," akasema. "Uliposema na wao walikuwepo." Tukasubiri mpaka baada ya Alasiri. Walipokaa wote nikasimama nikasema: aliyeharibu ni mimi, Tatu hakukosea kitu, nimemsingizia. Tatu akasema, "Nimekusamehe, dada," na Ijumaa akakabidhiwa tovuti kama walivyokubaliana. Anaitunza mpaka leo, na sasa ana wanafunzi wake.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Kivinjari kikikupa neno la mafumbo, usilijazie. Kinakuonyesha mahali kilipokwama, na kilichoharibika pengine kiko mbali na hapo. Lisome neno lake kama lilivyo, herufi kwa herufi, ukatazame kilichokifikia, usikae unatazama ulichodhani umekituma. Anza na mikono yako mwenyewe. Na ukiona moyo unakimbilia jina la mtu, funga kompyuta, kanywe maji, kwa sababu faili linarudishwa na ukishamtaja mtu hadharani hakuna kitufe cha kurudisha.

Nakwambia ninachokijua. Miaka yote hii, tovuti ikichelewa kidogo tu kufunguka, hata iwe ni mtandao wa mji mzima umelala, ujumbe wa kwanza kwenye simu yangu ni wa Tatu. Hata juzi umeingia. Hauna salamu wala maelezo. "Dada, ni mimi?"

Namjibu si wewe. Kila mara namjibu si wewe, na kila mara anauliza tena.

Mwenyezi Mungu akupe macho ya kuona kilichopo, akupe na subira kabla ya ulimi. Akuepushe na kumfundisha mtu swali hilo. Amina.