Kufuli Lisilo la Mazoezi

Kinyozi alikuwa na mikono isiyojua kutulia. Mkewe enzi za uhai wake alimtania kwamba hata usingizini vidole vyake vinanyoa mto. Alipofariki, mikono ile ikakosa pa kushika. Duka likishafungwa, mzee alikaa mezani akikwangua rangi ya meza kwa ukucha, na binti yake wa pekee, mshonaji wa sare za shule, akaona meza itakwisha, na baba naye atakwisha.

Ndipo akamletea kufuli la bei ya chini kutoka duka la vifaa.

"Ufunguo nimeuficha," alisema. "Lifungue."

"Mimi mwizi?"

"Wewe mtu wa mikono, baba. Jaribu."

Alijaribu. Alichonga kijiti chembamba kwa tupa kutoka chuma cha waipa ya gari. Ndani ya kufuli mna pini, kila moja na kimo chake. Ufunguo huziinua zote kwa pamoja, lakini asiye na ufunguo hana budi kuzibembeleza moja moja, huku chuma cha pili kikikaza silinda bila papara. Pini tatu za kufuli lile zilimtoa jasho wiki nzima. Lilipoachia, alicheka, na binti yake jikoni akaacha kukoroga sufuria, maana kicheko kile hakikuwa kimesikika nyumbani tangu mazishi.

Basi kila aliposhinda moja, binti alileta gumu zaidi. Yakaja ya pini nne, yakaja ya pini tano, kisha yale yenye pini zilizokatwa kiuno, ambazo huuhadaa mkono: silinda inazunguka kidogo kama imekubali, halafu inagoma. Kinyozi aliyapanga kwenye rafu ya duka lake, kando ya chupa za spiriti.

"Nikipotelewa na ufunguo nitakuita," fundi viatu, jirani yake, alimtania. "Nikiibiwa pia nitakuita."

"Vua kwanza hivyo viatu vya mteja, ndipo tuzungumze habari za wizi."

Kinyozi alikuwa na kanuni yake: kufuli halifunguliwi ila liwe lako, au mwenyewe amekupa. Aliitaja kwa kila mteja aliyemuuliza. Wengi wetu ni wepesi wa kutaja kanuni ambayo bado haijatugharimu kitu.

Chumbani kwa binti kulikuwa na sanduku la bati la marehemu, lenye nguo zake, nalo limefungwa kwa kufuli kuukuu la shaba. Ufunguo binti aliuvaa shingoni. Siku ile ile ya kufuli la kwanza alikuwa amesema, "Lile la mama si la mazoezi, baba."

"Nani kauliza?" alijibu, wakacheka wote.

Mwaka wa tatu wa msiba ulikuwa unakaribia kutimia. Alasiri moja binti alipokwenda kupeleka sare, kinyozi alilishinda kufuli la pini sita, gumu kuliko yote rafuni. Mikono ilibaki na moto, na hapakuwa na jingine. Akajikuta amesimama mbele ya sanduku. Alijiambia atafungua kufuli tu na kulifunga, sanduku hataligusa. Ndivyo tunavyojiambia.

Kufuli lilikuwa kavu, limeshika kutu. Mkono wa kinyozi hauvumilii chuma kikavu. Bila hata kufikiri alitoa mfukoni kichupa cha mafuta ya mashine ya kunyolea, akatia matone. Kisha akaingiza kijiti.

Lilikuwa na pini tatu tu. Kilicholilinda miaka yote ile ni neno la binti yake.

Angeishia hapo. Badala yake aliinua kifuniko, na harufu ya mkewe ikamtokea usoni: sabuni, moshi wa jiko, mwili wake mwenyewe, kana kwamba ametoka uani sasa hivi. Mzee alipiga magoti. Alichukua kitambaa cha kichwa cha marehemu, akauzika uso ndani yake, akalia kilio ambacho mazishini alikizuia mbele za watu. Kifuniko kilikuwa wazi, na dirisha wazi, mpaka jua likaondoka sakafuni. Ndipo akakikunja kitambaa, akafunga. Siku zilizofuata alikusudia kumwambia binti, na kila mara akaahirisha.

Siku ya kumbukumbu ya kifo, binti aliingia chumbani peke yake, akatoka na kitambaa mkononi. Kilikuwa na alama za vidole vya mafuta.

"Ufunguo ulikuwa unakwaruza," alisema taratibu. "Leo umeteleza."

Baba aliinamisha kichwa.

"Nafungua mara moja kwa mwaka, baba, siku yake tu. Navuta pumzi moja, nafunga. Ili adumu." Alimnyooshea kitambaa. "Nusa."

Alinusa. Kilinuka duka la kinyozi.

"Mwanangu, sikujua."

"Ungeniomba, ningefungua, tukavuta pumzi sote wawili."

 Kesho yake binti alilipeleka kufuli la shaba dukani kwa baba, akaliweka rafuni kati ya mengine pamoja na ufunguo wake, akamwamkia fundi viatu, akaenda kazini. Anampikia baba yake na kumwamkia kila asubuhi kama zamani. Duka la vifaa hapiti tena.

"Hili la kizee nalo gumu?" fundi viatu aliuliza, akilinyanyua.

"Pini tatu," alisema kinyozi, akaendelea kunyoa.

Jioni ukucha umerudi mezani. Binti anausikia kutoka jikoni, naye anaendelea kukoroga.