Kijiko Kinachoingia Mara Ishirini na Moja

Nimepimiwa unga kwa pishi, kwa ratili na kwa kilo katika nchi nyingi, lakini kipimo ninachokikumbuka ni kijiko cha mti, ukingo wake umekwanguliwa, kinachoning'inia jikoni kwa Mama Générose, mtaa wa Buzebazeba, Kigoma mjini.

Mwaka 1997 alikuwa mkimbizi kutoka Burundi katika kambi moja mkoani Kigoma, na kikundi chake kilimchagua kugawa unga. Gunia lilikuwa la kilo hamsini, kopo lake la nusu kilo: makopo mia. Watu ishirini, kila mmoja matano. Akimaliza, gunia linakung'utwa.

Kisha akaja Marcelina, bibi asiye na mtu, ambaye jina lake lilikuwa halijaingia kwenye orodha. Asipopata kikundi, atalala njaa. Zénon, seremala wa kikundi, ndiye aliyekataa waziwazi kumpokea. Mia kwa ishirini na moja haigawanyiki, alisema. Bibi atafutiwe kikundi chenye hesabu inayomfaa. Marcelina akaanza kufunga tena kitenge chenye vitu vyake.

"Keti, mukecuru," Générose alimwambia bibi huyo kwa heshima ya kwao. "Itakayohama ni hesabu."

Kila mtu apate makopo manne, akawaeleza: hayo themanini na manne. Yanabaki kumi na sita, na kila moja ligawanywe sehemu ishirini na moja. Akamgeukia Zénon. Si ana patasi? Basi achonge kijiko kinachoingia mara ishirini na moja kwenye kopo, kikipanguswa juu, pasipo kichuguu.

Zénon alichonga akinung'unika. Mara ya kwanza kiliingia mara ishirini na tatu. Akakichimba kidogo, ishirini na mbili. Wanawake wakamcheka kwamba anachonga mtumbwi. Jioni ikafika ishirini na moja kamili, naye akapima tena mara mbili, kwa kupenda tu. Marcelina akapata makopo manne na vijiko kumi na sita, sawasawa na Zénon.

Wiki tatu baadaye, jina la Marcelina likiwa bado halijaingia kwenye orodha, Eufrasia wa kikundi hichohicho akajifungua mtoto wa kike. Kabla mtu hajatamka ishirini na mbili, Marcelina alikuwa amesimama mlangoni kwa seremala, kijiko mkononi.

"Punguza ukingo," alisema. "Mgeni wetu anakula kupitia kwa mama yake."