Mama mkwe na vitunguu masikioni

Leo, kwa mara ya kwanza tangu niolewe, nimetumwa dukani na nimerudi na kila kitu.

Wanaonijua, acheni kucheka kwanza.

Mama mkwe alinituma hapa Mlowo, na simu ilikuwa kwenye chaji, sina pa kuandika. Chumvi, vitunguu, kiberiti, nyanya, sabuni ya kipande.

Kawaida yangu natembea nikivirudia mdomoni. Halafu nakutana na mzee jirani yetu, ambaye salamu yake haina njia ya mkato. Ukishamwamkia, ataulizia mume, watoto, kahawa ya kwetu Hasamba, hadi mvua. Nikimaliza kumjibu, mdomoni hakuna kitu. Narudi na kiberiti peke yake.

Leo nikajiongeza. Mdomo niuachie salamu, vitu nivione.

Nikamketisha mama mkwe barazani, akilini mwangu. Chumvi nikamtwika kichwani. Vitunguu masikioni kama hereni. Kiberiti mdomoni, nyanya mapajani, sabuni miguuni.

Mzee akatokea. Tukasalimiana mpaka akachoka yeye.

Dukani nikamwangalia mama mkwe wangu kuanzia juu kushuka chini, nikataja vyote bila kusita.

Nyumbani akakagua mfuko mara mbili, akamwita mume wangu aje ashuhudie. "Mke wako ana akili huyu."

Nimevimba kichwa mpaka sasa hivi.

Kisha akanigeukia. "Mwanangu, leo umekumbukaje?"

Jamani, nilikuwa namtazama, na vitunguu bado vinaning'inia.

Nikasema ni Mungu tu. Nyie mngemjibu nini?